Mizani Imenyamaza, Je, Mazoezi Yanafanya Kazi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayepunguza uzito ana raha yake: kila wiki mizani humpa habari, njema au mbaya. Wewe ambaye uzito wako tayari uko pazuri huna raha hiyo. Unaamka mapema, unatoka jasho, unarudi umechoka, na wiki ya kumi mizani inasoma namba ile ile iliyosoma wiki ya kwanza. Maswali haya ni ya mtu wa namna hiyo, asiyetaka kupungua wala kunenepa, anayetaka tu kujua kama jasho lake linakwenda bure.

Miezi mitatu nafanya mazoezi na uzito haujasogea hata kidogo. Ninapoteza muda?

Kama lengo lako lilikuwa kubaki ulipo, basi mizani isiyosogea ndiyo jibu ulilokuwa unalitafuta. Tatizo ni kwamba tumezoea kuiuliza mizani maswali isiyoyaweza. Inajua jambo moja tu, uzito wa kila kilicho ndani yako kwa jumla: mifupa, maji, misuli, mafuta, na chakula cha jana usiku.

Misuli ni mizito kuliko mafuta kwa ujazo ule ule. Lita moja ya misuli ina uzito wa takriban kilo 1.06, ya mafuta takriban kilo 0.9. Mtu anaweza kupoteza kilo mbili za mafuta, akajenga kilo mbili za misuli, suruali ikamlegea kiunoni, na mizani isitamke neno. Hali hii huwapata zaidi wanaoanza mazoezi na wanaorudi baada ya kuyaacha kwa muda mrefu. Mzoefu asiitegemee sana. Halafu kuna mabadiliko yasiyo na uzito kabisa: moyo unaosukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, mishipa ya fahamu iliyojifunza kuamsha misuli mingi kwa pamoja. Hayo hayapimwi kwa kilo.

Ichukulie mizani kama mlinzi wa geti. Kazi yake ni kukuambia kama kuna kitu kinapita kisichostahili kupita. Habari za maendeleo tutazitafuta ndani ya nyumba.

Basi niitupe?

Usiitupe, maana uzito hupanda kimyakimya. Ila ipe kazi ndogo. Pima asubuhi, baada ya kwenda msalani, kabla ya kula na kunywa, ukiwa na nguo nyepesi, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu na mahali pale pale. Ukipenda kupima kila siku, andika namba zote na utafute wastani wa wiki. Wastani ndio wa kuangalia. Ukipima mara moja kwa wiki, chagua siku moja na ushikamane nayo.

Kisha jiwekee mipaka badala ya namba moja. Kwa mfano, anayetaka kubaki kilo 68 aseme: kati ya 66 na 70 sina habari nayo. Wastani ukivuka mpaka kwa wiki tatu au nne mfululizo, hapo kuna jambo la kuangalia. Ukivuka siku moja, endelea na shughuli zako.

Na kama kupanda kwenye mizani kunakuharibia siku nzima, au kunakufanya ujinyime chakula, achana nayo. Vipimo vingine vilivyo hapa chini vinatosha.

Jana nilikuwa 68, leo 69.5. Nimenenepa usiku mmoja?

Hapana. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya takriban kalori 7,700. Kuongeza kilo moja na nusu ya mafuta kungetaka ule zaidi ya kalori 11,000 juu ya mahitaji yako ya siku. Ungekumbuka.

Kilichoongezeka ni maji, au chakula ambacho bado kiko njiani. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini kama glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu tatu za maji. Kwa hiyo mlo mkubwa wa wanga huonekana kwenye mizani kesho yake. Chumvi nyingi hushikilia maji pia. Hedhi hufanya vivyo hivyo kwa wanawake wengi, ndiyo maana mwanamke anayejipima afadhali alinganishe wiki hii na wiki ya namna hiyo hiyo ya mzunguko uliopita, kuliko kulinganisha na wiki iliyotangulia. Hata mazoezi makali yanaweza kukuongezea uzito kwa siku mbili tatu, kwa sababu misuli iliyochokozwa huvuta maji wakati inajirekebisha.

Kinyume chake ni kweli vilevile. Kilo moja iliyopotea baada ya kukimbia kwenye jua ni jasho. Kunywa maji, itarudi.

Nitajuaje kama uzito wangu ni wa kiafya?

Mahali pa kuanzia ni BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu: uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mwenye mita 1.70 na kilo 65 anapata 22.5. Shirika la Afya Duniani linahesabu 18.5 hadi 24.9 kuwa uzito wa kawaida kwa mtu mzima, 25 na kuendelea kuwa uzito uliozidi, na 30 na kuendelea kuwa unene wa kupindukia. Kwa urefu wa mita 1.70, eneo la kawaida ni kuanzia kilo 53.5 hadi 72 hivi. Tazama upana wake: kilo kumi na nane. Anayejitesa kwa ajili ya kilo mbili ndani ya eneo hilo anapigania kitu kidogo mno.

Hesabu yenyewe ina asili ya kuchekesha kidogo. Aliyeibuni ni Adolphe Quetelet, mwanahisabati na mwanaastronomia wa Ubelgiji, miaka ya 1830, akitafuta sifa za "mtu wa wastani" katika jamii. Hakuwa daktari wala hakukusudia kumpima mtu mmoja mmoja. Jina tunalolitumia leo lilienezwa na mtafiti wa Marekani, Ancel Keys, mwaka 1972. Kwa hiyo isikushangaze kwamba BMI haimtofautishi mnyanyua vyuma na mwenye kitambi wakiwa na urefu na kilo sawa. Kwa watu wenye asili ya Asia, hatari za kiafya huanza mapema zaidi, na 23 hutumika kama alama ya kuanza kujiangalia. Watoto wana chati zao za ukuaji, na mjamzito asijipime kwa BMI hata kidogo.

Ukiniambia nichague kifaa kimoja tu, nichukue kipi?

Utepe wa fundi cherehani. Bila kusita.

Mafuta yanayokaa ndani ya tumbo, yakizunguka viungo, ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari, presha na maradhi ya moyo, na utepe unayafuatilia vizuri kuliko mizani. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, hatari huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na hupanda sana kikizidi 102 na 88. Kuna kanuni nyingine rahisi zaidi kukumbuka: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 170 abaki chini ya 85.

Kosa kubwa ni mahali pa kupima. Watu wengi hupima pale mkanda wa suruali unapokaa, na suruali za siku hizi hukaa popote zinapotaka. Papasa ubavu wako wa mwisho chini, kisha mfupa wa juu wa nyonga, upande huo huo. Katikati ya hapo ndipo utepe unapopita, ukiwa sambamba na sakafu pande zote. Pumua kawaida, toa pumzi, kisha soma. Utepe uguse ngozi bila kuibana. Usivute tumbo ndani, hakuna anayekutazama. Pima mara mbili, na kama zimetofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, pima mara ya tatu.

Mara moja kila baada ya wiki mbili au nne inatosha. Unaweza kuongeza paja, mkono wa juu na nyonga kama unanyanyua vyuma. Uzito uliotulia, kiuno kinachopungua na paja linalojaa ni hadithi kamili, na mizani haikuisikia.

Ni nini hasa kinachoonyesha kwamba nimekuwa fiti zaidi?

Kuna njia mbili tu, na vipimo vyote vilivyobaki ni watoto wa hizo mbili. Ya kwanza: fanya kazi ile ile, uone kama inakugharimu kidogo zaidi. Ya pili: toa gharama ile ile, uone kama unapata kazi kubwa zaidi.

Mfano wa kwanza: una njia ya kilomita tatu unayoitembea kwa dakika 30. Mwezi wa kwanza ukifika mwisho mapigo ni 130 na huwezi kumaliza sentensi. Mwezi wa tatu, njia ile ile, muda ule ule, mapigo ni 115 na unaongea na simu. Hayo ni maendeleo yasiyo na ubishi. Mfano wa pili: unakimbia kwa nguvu zako zote kwa dakika 12, umbali ukiongezeka umeendelea.

Huo wa dakika 12 ni mtihani wa Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, aliouchapisha mwaka 1968. Unachukua umbali kwa mita, unaondoa 504.9, unagawanya kwa 44.73, na unapata makadirio ya kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia. Mita 2,000 zinatoa takriban 33. Mita 2,200 zinatoa takriban 38. Ukifanya kila baada ya wiki nane hadi kumi na mbili unatosheka. Lakini ni mtihani mkali. Kama una umri mkubwa, maradhi ya moyo, au hujafanya mazoezi kwa miaka, uache. Tumia matembezi ya dakika sita na upime umbali uliofika.

Mapigo ya moyo nayapimaje bila kifaa?

Asubuhi, kabla hujainuka kitandani. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Usitumie kidole gumba, kina pigo lake mwenyewe. Mtu mzima wa kawaida huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Wanariadha wa mbio ndefu huweza kufika karibu 40. Mazoezi ya kujenga pumzi, kama kukimbia, huyashusha taratibu, kwa miezi.

Faida nyingine ya namba hii ni onyo. Ikiwa yako huwa 62 na ghafla imekuwa 70 asubuhi tatu mfululizo, ama umechoka, ama hujalala, ama ugonjwa unapiga hodi. Siku hiyo punguza.

Jaribu pia kuhesabu mara tu unaposimama baada ya zoezi, kisha baada ya dakika moja kamili. Kadiri tofauti inavyokuwa kubwa miezi inavyopita, ndivyo moyo unavyojifunza kutulia haraka. Wanaotumia dawa za presha za kundi la beta-bloka wasijilinganishe kwa mapigo, kwa sababu dawa hizo huyashusha zenyewe. Wao watumie kipimo cha maongezi: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye kasi ya wastani, ukitoa maneno mawili matatu ndipo uvute pumzi, uko kwenye kasi kali. Au jipe namba kutoka 0 hadi 10 kwa ugumu unaousikia. Gunnar Borg wa Uswidi alianzisha kipimo cha aina hiyo kinachoanzia 6 hadi 20, namba zisizo na mantiki mpaka ujue kwamba zilifuata mapigo 60 hadi 200.

Na nguvu? Siendi jimu.

Hesabu pushapu ulizofanya kwa umbo sahihi. Ile ya mwisho iliyopinda mgongo haihesabiwi, na wewe unaijua. Pima pia muda wa planki (kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka), na skwati (kuchuchumaa na kuinuka) kwa dakika moja.

Kwa wazee, na kwa yeyote mwenye magoti ya wasiwasi, kuna mtihani wa kiti: kaa kwenye kiti kisicho cha kuegemea mikono, kunja mikono kifuani, inuka na kukaa kwa sekunde 30. Mwenye miaka 60 hadi 64 akipata chini ya 14 kwa mwanamume, au chini ya 12 kwa mwanamke, yuko chini ya wastani. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu kinapima kitu ambacho maisha hukudai kila siku.

Wanyanyua vyuma hawana haja ya kujaribu uzito wa juu kabisa kila mara. Gawanya idadi ya marudio kwa 30, jumlisha moja, kisha zidisha jibu kwa uzito ulionyanyua. Kilo 40 mara 8 inakadiriwa kuwa sawa na kilo 51 hivi mara moja. Kilo 40 zile zile mara 10 ni kilo 53. Umeendelea bila kuongeza hata sahani moja ya chuma.

Saa janja yangu inasema nimechoma kalori 600. Niile hiyo 600?

Usiile yote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi, na matokeo yakatoka mwaka 2017. Sita kati ya saba vilipima mapigo ya moyo kwa kosa la chini ya asilimia 5, jambo la kusifiwa. Kwenye kalori, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93. Vifaa vimebadilika tangu hapo, lakini kalori bado ni makadirio yanayojengwa juu ya makadirio. Anayetaka kubaki na uzito wake akila kwa kufuata saa, mlinzi wa geti atampigia kelele baada ya wiki chache. Itumie saa kwa mapigo, umbali na muda.

Lazima hatua 10,000?

Namba hiyo ilitoka kwenye biashara. Mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilinata. Si namba mbaya, lakini anayetoka hatua 3,000 kwenda 6,000 amefanya jambo kubwa na hana sababu ya kujiona ameshindwa. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2020 ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili.

Mizani za kisasa zinazoonyesha asilimia ya mafuta zinaaminika?

Kwa kiasi. Hupitisha umeme mdogo sana kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Misuli yenye maji huupitisha kirahisi, mafuta huuzuia. Ukiwa umekaukiwa maji, au umetoka kuoga, au umemaliza mazoezi sasa hivi, namba hubadilika bila mafuta kubadilika. Tazama mwelekeo wa miezi, puuza namba ya leo.

Nipige picha?

Ukipenda. Mwanga ule ule, nguo zile zile, saa ile ile, mara moja kwa mwezi.

Niandike wapi, na nini?

Daftari la kawaida linashinda programu nyingi, kwa sababu halikutumii taarifa usiku wa manane. Langu lina safu tano tu: tarehe, zoezi, kiasi, ugumu kutoka 0 hadi 10, na usingizi. Pembeni mara moja kwa wiki naongeza wastani wa uzito, na mwisho wa mwezi kiuno. Basi. Niliwahi kuandika mambo kumi na nne kwa siku. Nilidumu siku tisa.

Safu ya usingizi usiiruke. Mara nyingi ndiyo inayoeleza kwa nini Jumanne ulikimbia kama umefungwa mawe.

Mwanzoni niliendelea haraka, sasa nimekwama. Kuna kosa?

Huenda hakuna. Wiki za kwanza nguvu hupanda upesi kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kazi. Baadaye lazima misuli yenyewe ijengeke, na hiyo inakwenda pole. Angalia kwanza kama unapima mara nyingi mno: mabadiliko ya asilimia moja hayawezi kuonekana kwenye kipimo kinachokosea kwa asilimia tatu. Kisha angalia kama umeongeza chochote. Anayefanya pushapu 20 kila asubuhi kwa mwaka mzima atakuwa hodari wa kufanya pushapu 20.

Namba gani zinipeleke kwa daktari?

Uzito uliopungua kwa asilimia 5 au zaidi ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila wewe kukusudia. Kwa mwenye kilo 68, hiyo ni kama kilo tatu na nusu. Hedhi iliyokatika kwa mwanamke anayefanya mazoezi sana si dalili ya ufiti. Mara nyingi maana yake mwili haupati chakula cha kutosha kwa kazi unayoupa, na mifupa ndiyo inayolipa. Mivunjiko midogo ya mifupa inayojirudia, uchovu usioisha kwa kupumzika, na mapigo ya asubuhi yaliyopanda wiki nzima navyo vichunguzwe. Maumivu ya kifua, kuzimia au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida wakati wa zoezi: simama hapo hapo, tafuta msaada wa haraka.

Niliugua, nimekaa wiki tatu bila mazoezi. Nifute kila kitu nianze upya?

Usifute mstari hata mmoja. Pumzi hupungua haraka kuliko nguvu, kwa hiyo utashangaa kuona pushapu zako karibu zote zipo ilhali ngazi zinakutoa jasho. Rudi kwa karibu nusu ya kiasi ulichokuwa unafanya, kwa wiki mbili, bila kupima chochote. Baada ya hapo tembea ile njia yako ya kilomita tatu, hesabu mapigo ukifika mwisho, na uandike namba hiyo chini ya zile za zamani, pamoja na neno moja pembeni: homa.